Viatu Vinne vya Karani

Mtaa mzima ulimwita Fundi, na mumewe naye alimwita Fundi, hata mezani, hata siku walizogombana. Kama alikuwa na jina jingine lilikuwa kwenye kitambulisho, na kitambulisho kilikuwa ndani ya kopo la misumari midogo, na kopo alijua mwenyewe alikoliweka. Kushona viatu alianza akiwa msichana, baba yake aliposhikwa na mgongo akamkalisha kwenye kigoda chake kwa siku chache tu, mpaka apate nafuu. Nafuu ilikuja, kigoda hakikurudi. Mzee wa watu aliporejea kazini alikuta wateja wanamuulizia binti, akavuta kiti akakaa pembeni kupaka rangi, na wanaomkumbuka wanasema hakuwahi kufurahi namna ile.

Mama huyu alikuwa na tabia iliyowachanganya wageni: alisalimia miguu kwanza, uso baadaye. Ulikuwa ukiingia karakana yake, chumba cha mbele cha nyumba chenye dirisha pana na harufu ya gundi, hujakaa unasikia, "Wewe unakanyagia upande wa nje. Goti haliumi?" Na goti linauma kweli, ila ulikuwa hujamwambia mtu. Nyuma yake palikuwa na rafu ndefu ya viatu ambavyo wenyewe hawakurudi kuvichukua, kila pea na karatasi yake yenye tarehe. Vingine vilikuwa na miaka kumi na sita pale. Ukimwambia avitupe anakutazama kama umetukana. "Mwenyewe akija nimwambie nini?"

Mumewe, dereva mstaafu wa basi la shule, watoto walimpa jina la Taratibu, na jina likamganda. Miaka thelathini na moja aliendesha basi bila kumkwaruza mtu. Siri yake haikuwa siri: kila mara kabla ya kuwasha injini alilizunguka basi zima kwa miguu, akipiga kila tairi kofi moja. Mvua inyeshe, mwalimu mkuu apige kelele, Taratibu lazima azunguke. Madereva vijana walimcheka, naye aliwaambia watacheka siku watakapofika uzee wakiwa na dhamiri safi.

Baada ya kustaafu alijitafutia kona kwenye karakana ya mkewe, akajifunika gazeti. Kusoma alisoma kidogo. Kazi yake hasa ilikuwa kumtazama Fundi akifanya kazi. Hakuwahi kumwambia, maana yeye si mtu wa maneno hayo, lakini moyoni alimwona mkewe kuwa mtu wa ajabu. Alipenda anavyoweka misumari mdomoni na bado akaongea.

Chini ya meza ya Fundi alikaa Karani, mbwa wa rangi ya kahawia, kidevu kimeanza mvi, sikio moja limesimama na jingine limelala. Aliitwa hivyo kwa sababu kila mteja alipoingia alimkazia macho, akashusha pumzi, akageukia ukuta, kama mtu aliyekwisha kukuandika kwenye daftari na hajapendezwa. Fundi alimlea tangu akiwa mbwa mdogo. Saa za joto alitoka kwenda kulala uani, nyuma ya gurudumu la nyuma la kulia la pikapu ya jirani yao seremala, kwenye kivuli. Hilo kila mtu alilijua, na Taratibu alilijua kuliko wote.

Siku ya tukio manyunyu yalikuwa yameanza. Seremala alikuwa amebeba mlango wa kabati kichwani, akaomba, "Mzee wangu, nirudishie gari nyuma kidogo, kabati lisilowe." Hatua tano, sita tu. Taratibu akaingia, akawasha, akarudi nyuma. Hakuzunguka. Kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na kitu hakuzunguka, na alichosikia hakikuwa kishindo bali mlio mwembamba, kisha Fundi akatoka mbio akiwa na kiatu cha mteja mkononi.

Daktari wa mifugo alikuwa dada wa makamo, mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Alimpapasa Karani mgongo mzima, akachukua koleo ndogo akabana kidole cha mguu wa nyuma, kwa nguvu hasa. Karani akageuza kichwa akalalamika.

"Hiyo ndiyo habari njema," daktari alisema. "Anasikia maumivu. Uti wa mgongo umeumia, haujakatika. Miguu ya nyuma imelala, na kuiamsha ni kazi ya nyumbani, siyo yangu. Mama, nitakuandikia mazoezi. Tujipe wiki sita."

"Na zikiisha?" Fundi aliuliza.

"Asipoweza kuinuka mwenyewe, tutazungumza."

"Zungumza sasa hivi, daktari."

Daktari akamtazama, akaona huyu hapendi kuzungushwa. "Mbwa wa kimo hiki asiyeweza kuinuka anapata vidonda, mkojo unamchubua ngozi, anateseka. Itabidi nimpe sindano alale moja kwa moja. Naomba msinichukie nikifika hapo."

Taratibu alikuwa amesimama mlangoni, hana pa kuweka mikono.

Mazoezi yalijaza karatasi pande zote mbili. Fundi aliitundika kwenye msumari, katikati ya vipimo vya nyayo za wateja, na kesho yake kabla karakana haijafunguliwa alikuwa ameshapiga magoti kwenye mkeka wa mpira. "Haya, bwana mkubwa, kazini," alimwambia mbwa, na maneno hayo akayarudia kila kikao, mara tatu kwa siku, bila kukosa. Kwanza taulo la maji ya moto kiunoni mpaka misuli ilegee. Kisha kukanda, kuanzia pajani kushuka chini. Kisha kukunja na kukunjua, kidole, kifundo, goti, nyonga, kila kiungo mara kumi, polepole, mguu mmoja halafu mwingine, na baadaye miguu yote miwili izungushwe kama inaendesha baiskeli. Baada ya hapo taulo refu linapitishwa chini ya tumbo, mtu ananyanyua nyuma, mbwa anasimamishwa kwa hesabu ya kumi, anapumzishwa, anasimamishwa tena. Katikati ya vikao kulikuwa na kumgeuza ubavu na kumkamua kibofu, kazi ambayo Fundi aliifanya huku akipiga soga na wateja waliogeuza nyuso zao.

Mnyanyuaji wa taulo alikuwa Taratibu. Seremala alipita akasema, "Karani ameula, sasa ana dereva wake binafsi," na kila mtu alicheka isipokuwa dereva. Alikuwa akisubiri. Alikuwa akisubiri mkewe amgeukie amwambie lile neno, na neno lenyewe alikuwa amelitunga mwenyewe kwa namna ishirini, kila moja ikimchoma zaidi ya nyingine. Neno halikuja. Fundi alisema tu "nyanyua", "shusha", "polepole, unamwinua kama gunia". Gari Taratibu hakuligusa tena. Seremala alipomwomba siku moja, alisema macho yanamsumbua.

"Mbona hunisemi?" hatimaye alimuuliza, wiki ya pili, mikono imekufa ganzi kwenye taulo.

"Nikuseme ili iweje? Shika vizuri."

Wiki hiyo ndipo Fundi alipoona damu kwenye mkeka. Karani alipotembezwa na taulo, miguu ya mbele ilikwenda vizuri, lakini ya nyuma ilijikunja, akakanyagia mgongo wa unyayo badala ya chini, na ngozi ikachubuka. Basi fundi viatu gani duniani ataona mguu unachubuka akanyamaza? Alimpima siku ileile. Alikata ngozi laini aliyokuwa ameihifadhi miaka mingi kwa ajili ya mtu wa maana asiyetokea, akaweka soli ya mpira wa ndani wa tairi, sponji katikati, kamba za kufunga mbele. Akashona vinne.

"Si miguu miwili tu ndiyo mibovu?" Taratibu aliuliza.

"Umeona wapi mtu akavaa nusu?"

Nisiwafiche, vilikuwa viatu vya kupendeza. Mtaa mzima ulikuja kuviona. Mwalimu mmoja aliomba ashonewe vya kwake kama vile. Karani akasimamishwa uani amevaa vinne, ameangalia pembeni kwa aibu kama bwana harusi aliyelazimishwa, na damu ikakoma, na Fundi akapiga mluzi siku nzima. Taratibu alimtazama akaona, kwa mara ya kwanza tangu siku ya manyunyu, kwamba pengine mambo yatakwenda vizuri.

Hayakwenda. Siku zilipita, na badala ya miguu ya nyuma kuamka ilizidi kulegea. Ndani ya viatu ilining'inia kama soksi. Kukunja walikunja, kukanda walikanda, lakini akisimamishwa, ukilegeza taulo kidogo tu, kiuno kinakwenda chini bila hata kujaribu. Wiki tatu zilikuwa zimeliwa.

Daktari alikuja, akakaa kwenye kiti cha wateja, akavitazama viatu kwa muda. "Mama, mkono wako huu ungekuwa wa upasuaji," alisema. "Kazi safi sana." Halafu akainama, akaanza kufungua kamba, kiatu kimoja baada ya kingine, akavipanga juu ya meza. "Lakini umemfunga macho. Mguu uliolala huamshwa na unachokikanyaga. Huyu amevaa sponji kutwa nzima, hajui kama yuko kwenye mchanga au hewani. Mvalishe barabarani tu, kwenye lami. Nyumbani, peku."

Fundi aliviangalia viatu vyake pale mezani. Taratibu alimjua, akajua hilo siyo jambo dogo. Maisha yake yote mwanamke huyu alikuwa amemjua adui wa mguu, na adui alikuwa ardhi: mawe, matope, vigae, misumari. Kila mtu aliyeingia mlango ule alikuja kukingwa na ardhi, na Fundi alimkinga. Sasa anaambiwa ile kinga yake ndiyo iliyomlaza mgonjwa. Daktari alipoondoka Fundi alichukua viatu vinne, akavifunga pamoja kwa kamba, akaandika tarehe kwenye karatasi, akaviweka kwenye rafu ya vile visivyochukuliwa. Kisha akakaa kwenye kigoda chake na mikono mapajani, kitu ambacho mumewe hakuwahi kukiona saa za kazi.

"Wiki nzima na zaidi nimempotezea," alisema.

Taratibu akataka kusema kitu cha kumfariji. Akaokota taulo la Karani, akalikunja.

"Nikwambie ukweli," Fundi aliendelea, bila kumtazama. "Wiki ile ya kwanza nilikuchukia. Daktari kasema kunja mara kumi. Mara tano nilikuwa nakunja mguu wa Karani, mara tano nakukunja wewe shingo."

"Najua."

"Hujui. Nilisema moyoni, mtu anaachaje kuzunguka? Kitu anachokifanya kila siku ya Mungu, anaachaje siku moja? Haya, na mimi? Miguu nimeitazama maisha yangu yote, na huyu nimemfunga sponji nikapiga mluzi." Akajifuta pua kwa mgongo wa kiganja. "Tumefungana bao moja kwa moja, mzee wangu. Lete yale mapande."

Mapande yenyewe yalikuwa magunia matatu ya vipande vilivyobaki kazini, ambavyo Fundi, kama ilivyo desturi yake, hakuwahi kuvitupa. Jioni hiyo na kesho yake alishona njia. Ndiyo, njia: utepe mpana wa hatua kumi na tano, kutoka mlango wa karakana kukatiza ua. Kipande cha ngozi yenye manyoya, kikafuata kipande cha soli yenye meno, kikafuata turubai, zulia kuukuu, ngozi iliyogeuzwa upande wa ndani, gunia la katani, raba laini, mkeka wa kufutia miguu unaochoma. Mwisho wa njia Taratibu alimwaga mchanga, na baada ya mchanga kokoto ndogo alizoziosha mwenyewe kwenye beseni, moja moja, asije mtu akasema hakujali. Seremala akaleta vijiti vinne vya mbao vya kulaza chini, mbwa ajifunze kunyanyua mguu kuvuka.

Na uzi. Kila mara kabla ya kutembea Fundi alichukua uzi wake wa kushonea ngozi, uliopakwa nta, akaupitisha katikati ya vidole vya nyuma vya Karani, akauvuta polepole huku na huku. Siku ya kwanza, hakuna kitu. Ya pili, hakuna kitu. Mteja aliuliza kama anamtoa uchafu. Ya tano Taratibu alikuwa ameshika mguu wenyewe kiganjani, amezoea uzito wake mfu, akahisi umemponyoka. Ulijivuta. Kidogo sana, kama mtu anayevuta shuka usingizini.

"Rudia," alisema.

Fundi akarudia. Mguu ukajivuta.

"Anatekenyeka!" Taratibu alipiga ukelele, mzee mzima, na mteja aliyekuwa amevua kiatu kimoja akainuka kuja kuona. Fundi hakupiga ukelele. Aliinama akauweka uso wake kwenye lile sikio lililolala.

Kuanzia hapo kazi ilikwenda kasi, ingawa kasi ya mgonjwa unaijua ilivyo. Karani alivuka vijiti viwili, akaangusha viwili. Alisimama kwa hesabu ya ishirini, taulo limelegea. Kwenye manyoya alitembea kwa madaha, kwenye mkeka unaochoma alinyanyua miguu juu kama askari wa gwaride, kwenye kokoto aligoma akabebwa. Lakini kuinuka mwenyewe kutoka chini, lile jambo moja lililoandikwa kwa wino mzito, hakuinuka. Alikuwa akijaribu, miguu ya mbele inasukuma, kiuno kinapanda nusu, kinarudi. Wiki ya sita ilipofika Fundi alipunguza kula. Taratibu alimsikia akimwambia mbwa kwa sauti ya chini, huku akihesabu moja mpaka kumi, kwamba hata asipoinuka hakuna atakayemlaumu, kwamba amefanya kazi kuliko watu wengi anaowajua. Ilibidi mzee atoke nje.

Ijumaa ya miadi daktari alikuwa aje saa nne na gari lake la vifaa. Fundi alimfanyisha Karani mazoezi ya asubuhi, akamlaza kwenye mkeka mlangoni, akaingia ndani kumalizia kiatu cha muuguzi kwa sababu mikono ilihitaji kitu cha kushika. Seremala alikuwa ameacha pikapu uani, imeziba njia ya kutoka getini, na ufunguo kwenye ndoano.

"Daktari hatapita," Fundi alisema kutoka ndani. "Lisogeze."

"Nimwite seremala?"

"Kaenda kupeleka meza mtaa wa pili. Lisogeze wewe."

Taratibu alichukua ufunguo. Akatoka nao uani. Alifika kwenye mlango wa pikapu, akaushika, akauachia. Akaanza kuzunguka. Tairi la mbele, kofi. Akapita mbele ya taa. Tairi la pili, kofi. Alijiona mpumbavu, mtu anayefunga mlango ng'ombe ameshaibiwa, lakini akazunguka. La nyuma kushoto, kofi. Akakata kona.

Nyuma ya gurudumu la kulia, kwenye kivuli, mahali palepale, Karani alikuwa amelala. Alimkazia Taratibu macho, akashusha pumzi, akageukia tairi.

Mzee alisimama. Akageuka kuangalia mkeka mlangoni: mtupu. Kutoka mkekani hadi hapo ilikuwa njia nzima ya mapande, kisha mchanga, kisha kokoto. Akaenda kwenye mchanga, akachuchumaa kwa shida, magoti yakilia. Alitafuta alama ya kuburuta, maana akili yake ilikuwa haijakubali, na hakuiona. Zilikuwepo nyayo. Za mbele zimezama sawasawa, za nyuma zimepinda, makucha yamechora mistari mifupi, moja imeteleza pembeni ambapo bila shaka alianguka akainuka. Lakini zilikuwa nyayo za miguu minne, na hakuna aliyeshika taulo.

"Mbona huliwashi?" Fundi aliita. "Umezunguka?"

"Nimezunguka," alisema, bado amechuchumaa kando ya nyayo. "Nimezunguka, Fundi. Njoo uone."

Akatoka na kiatu cha muuguzi mkononi. Alitazama mkeka kwanza, uso ukambadilika. Kisha mchanga, macho yake yalizisoma zile nyayo moja moja, kama alivyosoma za kila mteja. Kisha akamwona mwenyewe, kule kivulini. Hakukimbia. Alikwenda akasimama hatua mbili kutoka kwenye tairi, pembeni ya mumewe, akamshika kiwiko.

"Haya, bwana mkubwa," alisema kwa upole. "Kazini."

Karani alichukua muda wake. Alinyoosha miguu ya mbele, akasukuma. Kiuno kikapanda nusu, kikayumba, kikarudi chini. Taratibu alisogeza mkono kwenda kunyanyua, na Fundi akaukamata. Mbwa akasukuma tena, akaegemeza ubavu kwenye tairi, kiuno kikapanda, kikatetemeka, kikapanda, na makucha yote manne yakakamata ardhi. Akasimama. Akawatazama wote wawili kama watu waliochelewa kazini, akawapita, akashika njia kurudi chini ya meza yake, akiyumba huku na huku.

Daktari alikuwa ameshafika, anapiga honi getini, mara moja, mara mbili, mara tatu. Hakuna aliyekwenda kumfungulia.